Gemu za Pole

Jumamosi ile niligundua kwamba Mama amepanda hadi 3.02. Nilikuwa nimeketi kwenye ngazi za ukumbi wa mtaa, kando ya kiwanja chetu cha tenisi cha saruji, simu mkononi, jedwali la alama limefunguka mbele yangu. Nilifuta ile namba nikaandika upya. Ikarudi ileile. Nikazima simu nikaiwasha tena, utadhani simu ndiyo iliyokosea hesabu. Tatu nukta sifuri mbili.

Kwa mtu asiyeijua ligi yetu hiyo ni namba tu. Kwetu 3.00 ni mpaka. Usipouvuka, unacheza daraja la tatu. Ukiuvuka hata kwa sehemu moja ya mia, msimu unaofuata unahamishiwa daraja la tatu na nusu, na huko unatafutiwa mwenzi mwingine wa kucheza naye wawili wawili, kwa maana sheria inataka wachezaji wa upande mmoja wawe wa daraja moja. Mimi nilikuwa na 2.93. Mama angepanda, mimi ningebaki, na msimu ulikuwa umebakisha wiki mbili.

Niseme mapema kwamba mimi ni mtu wa wasiwasi. Simu ikilia mara mbili mfululizo kutoka nyumbani, kabla sijapokea nimeshaona jeneza. Kazini, kwenye stoo ya kiwanda cha maboksi kule Industrial Area, nahesabu mzigo mara tatu kabla ya kutia sahihi, na madereva wananilaani wakidhani siwasikii. Ni kwa tabia hiyo hiyo ligi ilinichagua niweke alama za wanawake. Walisema wanataka mtu ambaye hawezi kulala na kosa. Walimpata.

Ligi yenyewe ni ya watu wa kawaida. Kuna karani, kuna muuza mboga, kuna mwalimu wa nasari, kuna fundi cherehani wa soko la Jericho anayepiga mpira kama anayekomesha mwizi. Viwanja ni vya zamani, vya enzi ambapo mtaa wa halmashauri ulijengewa ukumbi na mahali pa kuchezea. Cha kwetu kina ufa unaoanzia kwenye wavu hadi kona ya kushoto, na mpira ukiangukia hapo unarudiwa bila ubishi.

Baba ndiye aliyetuingiza humo. Alikuwa akitunza viwanja vya klabu moja ya matajiri ng'ambo ya pili ya jiji, na mipira iliyochakaa alikuja nayo nyumbani Mbotela ndani ya gunia la unga. Akamfundisha Mama, Mama akanifundisha mimi. Mama alikuwa akiuza viatu vya mitumba na hakuwa na muda wa mambo mengi, lakini Jumamosi alasiri alivaa sketi yake nyeupe na soksi za kupandisha, akashuka uwanjani na raketi kwapani, na majirani waliomcheka wakazoea.

Baba alifariki miaka mitatu iliyopita. Baada ya mazishi Mama alikaa ndani miezi minne. Asubuhi hakufungua mapazia. Nilikuwa nikipita kutoka kazini namkuta kwenye kiti kilekile, chai imeganda kikombeni, na redio inajisemea peke yake. Niliogopa hadi nikaanza kukonda. Siku moja nikamwambia tu, kwa hasira, kwa sababu mimi nikiogopa hukasirika, kwamba nimeshajiandikisha kucheza wawili wawili na sina mwenzi, na kama haji basi nitafutwa. Alikuja. Hiyo ndiyo dawa niliyoipata, na toka siku hiyo kila Jumamosi alikuwa upande wangu wa kushoto, akinikaripia kwa kutokimbia. Sikuwa na dawa nyingine. Ndiyo maana ile 3.02 niliifuta nikaiandika upya.

Sasa nieleze zile alama zinavyopatikana, maana kila kitu kilichofuata kimo humo.

Zamani tulipangana kwa mdomo. Fulani ni mzuri, fulani anaanza, fulani alikuwa mzuri kabla hajajifungua. Vita havikuisha. Walikuwapo waliojifanya dhaifu ili wapangiwe wanyonge na kubeba kikombe, na walikuwapo waliojiona mabingwa wasiokubali kushushwa. Mwaka uliopita mwenyekiti wa ligi, mwalimu mstaafu wa hesabu, mtu mwembamba asiyecheka, alikuja na ubao mweusi akauegemeza kwenye ukuta wa ukumbi.

"Kuanzia leo hatutaulizana nani ni nani," alisema. "Kila mtu ana namba, na kila mechi itaisukuma namba yake juu au chini."

Akatuchorea. Kila mechi ya mmoja kwa mmoja inakupa alama ya mechi. Unaanza na namba ya uliyecheza naye. Ukimshinda, unaongeza sehemu tatu za mia kwa kila gemu uliyomzidi, seti zote zikijumlishwa. Akikushinda, unapunguza vivyo hivyo. Kisha alama hiyo ya mechi unaijumlisha na namba zako tatu zilizotangulia, unagawanya kwa nne, na jibu ndilo namba yako mpya. Hivyo mechi moja mbaya haikuui na mechi moja nzuri haikupandishi kiburi.

Watu walitikisa vichwa wakajifanya wameelewa. Kizaazaa kilianza wiki ya pili, pale fundi cherehani wa Jericho alipomshinda mtu na namba yake ikashuka. Alinijia mbio.

"Sis, hii ni wizi gani? Si nimeshinda?"

Nikamweleza. Alimshinda mtu dhaifu kwa gemu chache mno. Namba yake ilidai amshinde kwa mbali zaidi. Na yule aliyeshindwa kapanda, kwa sababu kapoteza kwa kiasi kidogo kuliko ilivyotarajiwa. Kushinda si hoja. Hoja ni kwa gemu ngapi.

"Kwa hivyo nikikuwa na roho safi nashuka?"

"Ndiyo," nilimjibu, na wakati ule nilicheka.

Basi Jumamosi ile ya 3.02 nilirudi nyumbani na karatasi zote za matokeo ya Mama, nikazitandaza kitandani. Niliona kitu ambacho macho yangu yalikuwa yamekipita msimu mzima. Fundi cherehani alikuwa na 3.24. Wote wa daraja la tatu aliwafunga sita kwa moja, sita kwa mbili. Lakini Mama alifungwa naye saba kwa tano, sita kwa nne tu. Yaani Mama alikuwa amepoteza kwa gemu nne tu mbele ya mtu wa 3.24, na mechi hiyo moja ikampa alama ya 3.12, ndiyo iliyomvusha mpaka. Nikatazama mwalimu wa nasari. Yaleyale: wengine aliwachapa, kwa Mama alipumua. Muuza mboga alipoteza kabisa, naye kwa Mama hakuwahi kupoteza kabla Baba hajafariki.

Karatasi moja tu haikufanana na nyingine. Mapema msimuni tulicheza na wasichana wa timu ya Mukuru kwa Reuben, wageni kabisa kwetu, na mmoja wao alimpiga Mama sita kwa moja, sita kwa mbili. Mama alirudi kwenye benchi akisema msichana ana miguu ya swala. Namba yake ilishuka siku hiyo, kisha polepole ikapandishwa na hawa wa nyumbani, mmoja mmoja.

Jumatatu nilipotoka kazini nilikwenda moja kwa moja hadi kibanda cha fundi cherehani. Alikuwa akishona sare za kwaya. Nikamuuliza bila kupaka rangi: ile mechi na Mama, alicheza kweli?

Aliusimamisha mguu kwenye cherehani. "Wee unauliza kama hujui. Mathe amefiwa."

"Ni miaka mitatu sasa."

"Najua ni miaka mitatu. Lakini utaacha lini? Mimi nilianza kumpatia vile alirudi, ile siku ya kwanza, na amevaa kitambaa cheusi mkononi. Ungempiga sita bila, kweli? Halafu wiki ikafuata nikasema bado mapema. Halafu mwaka. Sasa nikianza kumpiga leo, si ataniuliza amenikosea nini?"

Desturi hiyo naijua na nimeishi nayo. Kiwanjani kwetu mtu akitoka msibani hapigwi kwa nguvu. Unampa gemu mbili, tatu, unautupa mpira nje kidogo, unakosa kwa makusudi unaposogea kwenye wavu. Tunaziita gemu za pole. Hakuna anayezitangaza wala anayeziomba, na mfiwa akipewa anajifanya hakuona. Kwa kawaida huchukua mwezi. Kwa Mama hazikukoma, maana hakuna aliyetaka kuwa wa kwanza kuacha. Na kabla ya ule ubao mweusi hazikumdhuru mtu. Zilipotea hewani jioni ileile. Sasa kila gemu ya pole ilikuwa imeandikwa na kujumlishwa na kugawanywa kwa nne, na aliyekuwa akiziandika ni mimi.

Njiani kurudi nilijaribu kuwalaumu wenzangu. Nikashindwa kufika mbali. Tangu Baba afariki nilikuwa nimecheza na Mama mmoja kwa mmoja mara tano, na mara zote tano nilikuwa nimeshindwa. Saba kwa tano, saba kwa tano. Nilikuwa hodari wa kushindwa. Nilijua hata pa kuupeleka mpira ili aufikie bila kuumiza goti. Na yeye alikuwa akienda kanisani Jumapili kuwaambia akina mama wa chama chake, "Siku hizi nimeimarika, hata huyu wangu simwogopi." Nilisimama kando yake nikitabasamu. Ukweli ni kwamba nilikuwa mwongo kuliko fundi cherehani, kwa sababu mimi niliipenda ile furaha yake na niliitaka iendelee.

Nilimwendea mwenyekiti. Nilimkuta akipaka chokaa mistari ya kiwanja. Nikamwuliza, kwa kuzungukazunguka, kama namba inaweza kurekebishwa pale ambapo watu hawakucheza kwa uwezo wao.

"Binti, una ushahidi?"

"Nina watu wanaweza kusema."

"Basi waje waseme mbele ya kamati, na mama mwenyewe awepo asikie. Mimi siwezi kufuta gemu iliyotiwa sahihi na watu wawili." Akainama tena kwenye mstari wake. "Namba haijui kama mtu amefiwa. Mnajua nyinyi."

Akilini nikamwona Mama amekaa mbele ya kamati, wanawake wamejipanga wakikiri mmoja baada ya mwingine kwamba walimwonea huruma. Nilimshukuru nikaondoka. Hapana. Angerudi kwenye kile kiti na yale mapazia, na safari hii asingenisikiliza.

Ilibaki njia moja. Katika ratiba ya msimu kulikuwa na mechi ambayo haijachezwa, mimi na Mama, mmoja kwa mmoja, ambayo tulikuwa tukiiahirisha kwa sababu ya magoti yake na zamu zangu. Saa ya chakula cha mchana, stooni, nikakaa juu ya boksi nikapiga hesabu nyuma ya fomu ya kupokelea mzigo. Namba tatu za mwisho za Mama zilikuwa 2.99, 3.00 na 3.02. Zangu zilikuwa 2.92, 2.94 na 2.93. Nikishindwa kama kawaida yangu, kwa gemu nne, Mama anabaki juu ya mpaka. Nikimshinda, hata kwa gemu mbili tu, anashuka chini yake. Hapo nikapumua. Kisha wasiwasi wangu ukanikumbusha kuangalia safu yangu mwenyewe. Kwa sababu Mama ana 3.02, ushindi dhidi yake ni ushindi mkubwa kwangu. Nikimzidi kwa gemu sita au chini ya hapo, nabaki daraja la tatu. Nikipita sita, navuka mimi.

Kwa hiyo palikuwa na kijia chembamba. Nimshinde, lakini si sana. Nilikipima mara tatu, kama ninavyopima mzigo, kisha nikaandika chini kwa kalamu na kukoleza: Mimi na Mama, Jumamosi, 6–4, 6–4. Wote chini. Pamoja. Nikakunja karatasi nikaitia mkobani, na kwa mara ya kwanza tangu ile Jumamosi nilikula chakula changu kikaisha.

Jumapili baada ya ibada nilikuwa kwa Mama, kule Mbotela, nakatakata sukuma wiki jikoni. Alitaka kalamu aandike orodha ya michango ya harusi ya jirani, akaingiza mkono mkobani mwangu kama alivyozoea. Nilipogeuka alikuwa ameshika ile karatasi mbali na uso, miwani imepandishwa kichwani.

"Mami," aliita. Ananiita hivyo kwa sababu nilipewa jina la mama yake. "Hii mechi tulicheza lini?"

Ningeweza kumdanganya. Nilikuwa na mazoezi ya miaka mitatu. Lakini kisu kilikuwa mkononi, sukuma wiki ubaoni, na yeye alikuwa ananitazama kwa yale macho ya mtu aliyeuza viatu sokoni miaka thelathini, anayejua mteja anaposema uongo kuhusu saizi.

"Hatujacheza," nilisema.

"Na tayari nimeshindwa?"

"Mama, nisikilize kwanza."

"Nasikiza. Niambie kwa nini nimeshindwa Jumamosi na leo ni Jumapili."

Nikakaa. Nikamweleza zile alama, mpaka ule, daraja la juu na wanawake wake wanaopiga mpira wa kuvunja mkono. Nikamwambia tutatenganishwa. Aliuliza maswali ya maana, maana hesabu ya faida na hasara haikuwahi kumshinda. Alielewa haraka kuliko nusu ya ligi. Kisha akauliza swali nililokuwa nikilikimbia.

"Sasa mimi nimefika juu namna gani? Na goti hili?"

Nilitazama sakafu. Nikamwambia kuhusu gemu za pole. Nilijaribu kuifanya iwe hadithi nzuri, ya watu wanaompenda, wasiojua lini waache. Aliposikia habari za fundi cherehani alitikisa kichwa polepole. Aliposikia za muuza mboga aliketi kwenye kiti chake.

"Na wewe?" akauliza. "Wewe ulinipatia ngapi?"

Hakupaza sauti. Ningependa angepaza. Nilifikiria kusema sikumbuki, lakini mimi ndiye ninayeweka alama na anajua sisahau namba hata moja.

"Zote tano, Mama."

"Sikukuuliza mechi. Nimekuuliza gemu."

"Sijui. Nyingi."

Alivua miwani akaifuta kwa kanga, akaivaa, akaivua tena. Mimi nilianza kulia, jambo ambalo halikusaidia chochote, naye akanipa kitambaa bila kunitazama. Nje kulikuwa na watoto wanapiga kelele za mpira wa miguu. Nilidhani atasema haji tena uwanjani, na nilikuwa tayari nimeanza kupanga nitamwomba msamaha kwa maneno gani.

"Baba yako," alisema hatimaye, "alikuwa akinipiga sita bila. Mwaka wa kwanza wote. Nilikuwa nalia nikirudi nyumbani. Siku nilipata gemu moja kwake, nilipika kuku." Akanirudishia ile karatasi. "Jumamosi tunacheza. Na usiniletee huu upuzi."

"Nikicheza kweli nitakupita, Mama. Nitapanda mimi. Tutatengana tu."

"Basi utapanda."

Wiki hiyo sikufaa kwa lolote. Kazini nilihesabu mzigo mmoja mara nne na bado nikakosea. Nilijiambia kwamba nitacheza kweli lakini pengine nitaumwa, pengine upepo utavuma, pengine mkono utatetemeka wenyewe na sita kwa nne itakuja bila dhambi yangu. Mtu muoga ana akili nyingi sana za namna hiyo.

Jumamosi ilikuwa na jua kali. Mama alikuja na sketi yake nyeupe, goti limefungwa bandeji, na mdomo umekazwa. Fundi cherehani na wengine wawili walikuwa kwenye benchi wakingoja zamu yao. Hatukusalimiana sana. Tulirusha shilingi, akaanza yeye.

Gemu ya kwanza nilitupa mpira nje, upande wa kulia, kwa mazoea tu. Mkono ulifanya wenyewe kabla sijaufikiria. Mama alisimama katikati ya kiwanja. Aliuokota mpira, akauleta hadi kwenye wavu, akaniita nisogee.

"Ule ulikuwa ndani ukataka kuwa nje," alisema kwa sauti ya chini, wale wa benchi wasisikie. "Ukinifanyia hivyo tena naenda nyumbani, na raketi nampatia mtu."

Nikarudi nyuma. Nikaupiga mpira uliofuata nilivyokuwa nikiupiga kwa watu wengine wote, chini, karibu na mstari, upande wa goti bovu. Hakuufikia. Yeye alitikisa kichwa, ishara ya kwamba hapo sasa ndipo, akaenda kuanzisha tena.

Sijawahi kucheza mechi ngumu kama ile, na ngumu yenyewe haikuwa kushinda. Kumshinda kulikuwa rahisi, na urahisi huo ndio ulioniumiza. Niliona kwa mara ya kwanza jinsi alivyokuwa amezeeka. Mipira niliyodhani anaifikia, kumbe nilikuwa nikimpelekea mkononi. Alikuwa anapumua kwa mdomo. Lakini pia niliona kitu kingine ambacho huruma yangu ilikuwa imekifunika. Mpira ukimjia mahali pake, alijua la kufanya nao. Aliniinulia mmoja juu ya kichwa nikageuka kama mlevi nikaukosa, na fundi cherehani akapiga makofi kabla hajajizuia. Mama alishinda gemu ile, na ya pili, na ya tatu, kwa ujanja wake, mimi nikikimbia kwa nguvu zangu zote. Seti ya kwanza niliichukua sita kwa tatu.

Seti ya pili alichoka. Moja kwa moja, halafu tatu kwa moja, halafu tano kwa moja. Hapo ndipo hesabu iliponijia kichwani wazi kama iko ubaoni. Nilikuwa nimemzidi gemu tatu kwenye seti ya kwanza. Nikiichukua hii sita kwa moja, nimemzidi nane, na nimevuka. Nikimwachia gemu mbili tu, iwe sita kwa tatu, nimemzidi sita, na tunabaki pamoja. Gemu mbili. Hakuna ambaye angejua. Amechoka na mimi nimechoka, ni kitu cha kawaida mtu kulegea mwishoni.

Mpira ulikuwa mkononi mwangu. Nilimtazama ng'ambo. Alikuwa amejiinamia, mikono magotini, kisha akajiinua akaniangalia, akashika raketi kwa mikono miwili akisubiri. Alikuwa anaijua ile hesabu. Nilikuwa nimemweleza mwenyewe, jikoni. Alijua ninachokifikiria kama ninavyojua jina langu, na hakunisihi wala hakunikataza. Alisubiri tu. Nilianzisha kwa nguvu. Pointi nne baadaye ilikuwa imekwisha.

Tulipeana mikono juu ya wavu. Nilitaka kusema pole, neno likaniganda mdomoni, maana nilikuwa nimelitumia vibaya miaka mitatu.

Tulikaa kwenye benchi, wale wengine wakaingia uwanjani. Nilijaza karatasi ya matokeo juu ya paja: 6–3, 6–1. Nikafungua jedwali, nikaingiza. Mama alisogeza kichwa kuona. Namba yake ikashuka hadi 2.92 na ushei. Yangu ikapanda hadi 3.01, na jina langu likahamia lenyewe kwenye orodha ya pili, likamwacha la kwake.

"Nani atacheza na wewe sasa?" nilimuuliza, na sauti yangu ilikuwa ya mtoto.

"Nitatafuta." Akachukua kalamu. Lakini kabla ya kutia sahihi aliishika karatasi mbali na uso, akaisoma polepole, akaweka kidole kwenye ile tatu, kisha kwenye ile moja. Midomo yake ilikuwa inahesabu.

"Nne," alisema. "Hizi nne ni zangu?"

"Ni zako, Mama."

"Zote?"

"Zote nne."

Akatia sahihi.